Mfunze mtoto kompyuta kwa nauli ya matatu

MWITE mtoto yeyote wa Gredi ya Nne aliye karibu nawe umuulize: namba ya simu ya mama ni nambari? Atakuangalia kama mtu aliyepoteza akili. Si inaitwa namba? Si ni tarakimu 10 zimejipanga? Sasa muulize la pili: ukijumlisha namba ya mama na ya baba, utapata nini? Hapo atacheka, kisha atanyamaza, kisha utaona macho yakizunguka. Mtoto ameanza kufikiri kama mwandishi wa programu, na hujafungua hata kompyuta.

Naandika haya kwa sababu siku hizi kila mtaa una bango la kufunza watoto kompyuta. Mnamo Aprili 2022, Taasisi ya Kukuza Mitaala Kenya (KICD) iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua nzuri. Lakini wewe na mimi tunajua vile mambo huenda mashinani. Shule haina kompyuta za kutosha, mwalimu ana watoto 60 darasani, na mwishowe somo linageuka kuwa la kukariri. Mtoto anaandika kwenye daftari maana ya neno fulani, analiimba hadi mtihani uishe, halafu analisahau.

Mimi hukaa na watoi wa mtaa wetu Jumamosi asubuhi, laptopu moja kuukuu na watoto wanane au tisa. Kitu nimeona ni kwamba wakikwama, hukwama mahali pawili pa mwanzo kabisa: kigeu na aina za data. Wakivuka hapo, mengine huja. Wasipovuka, watanakili kodi za watu hadi wazeeke bila kuelewa kinachoendelea. Kwa hivyo kama una mdogo wako, mpwa, au mtoto wa jirani anayekusumbua na simu yako, tulia hapa dakika kumi.

NAULI NI KIGEU

Kigeu ni jina tunalopatia thamani ambayo inaweza kugeuka. Usimwambie mtoto hivyo, atakukariria tu. Mpeleke stejini.

Mchana, nauli ya kwenda tauni ni shilingi 50. Saa kumi na moja jioni imekuwa 80. Mvua ikinyesha, makanga anapiga kelele mia, mia! Jina limebadilika? La, bado inaitwa nauli. Kilichogeuka ni thamani yake. Kwenye lugha ya Python tunaandika hivi:

nauli = 50
nauli = 80
nauli = 100

Muulize mtoto: sasa hivi nauli ni ngapi? Wengi watakwambia 230, kwa sababu wamejumlisha. Wengine watasema ni zote tatu. Jibu ni 100. Kompyuta haikumbuki ya mchana, kama vile makanga hataki kusikia habari za mchana. Thamani mpya ikiingia, ya zamani imetoka.

Walimu wengi hutumia mfano wa sanduku, eti kigeu ni sanduku la kuweka vitu. Si mbaya, lakini una shida. Sanduku la kawaida huingia vitu vingi, kwa hivyo mtoto anadhani nauli ya mchana bado iko chini, imefunikwa tu na ya jioni. Mimi hupendelea kile kibao cheusi cha kibandani. Chapati 20. Bei ikipanda, mama mwenye kibanda anafuta na kitambaa, anaandika 25 palepale. Hakuna mtu anayesoma 20 iliyofutwa.

Halafu kuna alama ya =, na hapa ndipo vita viko. Darasani mtoto amefunzwa kwamba 3 + 4 = 7, yaani huku na kule ni sawa. Sasa unamwonyesha hii:

abiria = abiria + 1

Mtoto mzuri wa hisabati atakataa kabisa. Na ana haki! Katika hisabati hakuna nambari iliyo sawa na yenyewe ukiiongeza moja. Mwambie kwamba katika programu alama hiyo haisemi “ni sawa na”, inasema “weka”. Chukua idadi ya abiria walio ndani sasa, ongeza mmoja aliyepanda, weka jibu palepale kwenye jina abiria. Kama walikuwa 13, sasa ni 14, na matatu ya watu 14 imejaa. Soma upande wa kulia kwanza, ndipo uende kushoto. Rudia hilo hata mara kumi. Mtoto akielewa mstari huo mmoja, ameelewa jinsi pointi zinavyopanda kwenye gemu zote anazocheza kwa simu yako.

Mchezo wa kumalizia sehemu hii: chukua vikombe viwili, kimoja cha maji, kingine cha chai. Mwambie abadilishe, chai iende kwa kikombe cha maji na maji yaende kwa kikombe cha chai. Usimpe msaada. Atahangaika, kisha ataomba kikombe cha tatu. Mpe, na umwambie kwamba kikombe hicho cha tatu pia ni kigeu, na waandishi wa programu hukitumia kila siku kwa kazi hiyohiyo.

KILA KITU NA AINA YAKE

Turudi kwa namba ya simu. Kompyuta haijali kitu kinaitwaje, inataka kujua ni cha aina gani, ndiyo ijue kinaweza kufanyiwa nini. Kwa mtoto anayeanza, aina nne zinatosha.

Ya kwanza ni nambari kamili: abiria 14, mayai 30 kwenye trei, umri wa miaka 9. Hakuna nusu abiria. Python huiita int.

Ya pili ni desimali: lita 1.5 za maziwa, yuniti 12.7 za stima. Hii inaitwa float.

Ya tatu ni matini, yaani herufi na alama zozote zilizofungwa kwa alama za kunukuu: jina lako, jina la shule, namba ya gari. Hii ni str.

Ya nne ni kweli au si kweli: stima iko? Mvua inanyesha? Umefanya homuwaki? Hii ni bool, na majibu yake ni mawili tu.

Sasa namba ya simu iko wapi? Kanuni yangu ni moja: kama haina maana kuijumlisha, si nambari, hata kama imejaa tarakimu. Namba ya simu ni matini. Tokeni ya stima yenye tarakimu 20 ni matini. Namba ya kitambulisho ni matini. PIN ni matini, kwa sababu 0045 na 45 si PIN moja.

Hili si jambo la kupiga domo tu. Umewahi kuandika orodha ya namba za simu za chama kwenye Excel, ukainua macho na kukuta sifuri zote za mwanzo zimepotea? Programu iliona tarakimu, ikadhani umeandika nambari ya hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi. 0712 ikawa 712. Python nayo ni kali zaidi: ukiandika 0712 bila alama za kunukuu, inakataa kabisa.

Onyesha mtoto maajabu haya mawili, kisha umpe muda acheke:

20 + 20 inatoa 40
"20" + "20" inatoa "2020"

Ya kwanza ni shilingi, ya pili ni karatasi mbili zilizoandikwa 20 zikagandishwa pamoja. Na ukijaribu 20 + "20", Python inagoma. Haitaki kukisia ulimaanisha gani. Hapo ndipo makosa mengi ya wanaoanza hutoka, kwa sababu amri ya input, ile inayomwuliza mtu swali, huleta jibu kama matini kila mara. Mtoto anauliza umri, anajibiwa 9, anaongeza 1 apate umri wa mwaka ujao, programu inakufa. Si kwamba mtoto ni mjinga. Anahitaji tu kuigeuza matini iwe nambari: int(umri). Akijua aina, anajirekebisha mwenyewe. Asipojua, anaita “mwalimu!” kila dakika mbili.

Na kuna ile ya kwetu kabisa. Python hukubali alama moja ya kunukuu au mbili. Sasa mtoto anayeitwa Ng'ang'a aandike jina lake hivi:

jina = 'Ng'ang'a'

Kosa! Kompyuta iliona matini ikianza, ikafika kwa ile alama ya katikati, ikadhani jina limeishia kwa Ng. Kilichobaki haikielewi. Suluhisho ni kutumia alama mbili nje: "Ng'ang'a". Vitabu vingi vya kufunza programu viliandikwa na watu ambao hawana ng'ombe wala Ng'eno katika lugha yao, kwa hivyo mfano huu hautaupata kwa urahisi. Lakini mtoto wako ataukuta siku ya kwanza. Mwambie mapema kwamba jina lake halina shida yoyote.

NANI ALICHAGUA AINA?

Wacha nikwambie kwa nini jambo hili linanikaa rohoni.

Mimi niliacha chuo. Nilikuwa nasomea teknolojia ya habari, karo ikakwama. Nilikuwa nimelipa sehemu kubwa, nikabaki na salio. Mfumo uliokuwa ukitoa kadi za mtihani ulikuwa na sehemu moja tu ya karo: amemaliza kulipa, kweli au si kweli. Aliyebakisha elfu mbili na ambaye hajalipa hata ndururu walikuwa kapu moja. Karani wa dirishani alinionea huruma, naamini, lakini mfumo haukuwa na pa kuandika huruma. Sikufanya mtihani ule, na muhula uliofuata sikurudi.

Salio la karo ni nambari. Mtu fulani alikaa mbele ya kompyuta akaamua kuliweka kama kweli au si kweli. Labda alikuwa na haraka, labda aliambiwa na mkubwa wake. Uamuzi wa kimya kama huo ndio huchora mstari, huku walio ndani na kule walio nje. Ndiyo maana sitaki mtoto afunzwe aina za data kama orodha ya kukariri. Nataka ajue kwamba kila fomu, kila apu ya mkopo, kila rejista ya shule ina mtu aliyechagua, na kwamba siku moja mtu huyo anaweza kuwa yeye.

Jumamosi moja tulitengeneza rejista ya darasa letu. Nikawauliza watoto, kuhudhuria ni aina gani? Wote wakasema kweli au si kweli: yupo au hayupo. Fiti, tukaandika. Kisha msichana wa Gredi ya Tano, ambaye huchelewa kwa sababu huchota maji kwanza, akainua mkono: “Na mwenye amechelewa?” Darasa zima likanyamaza. Mmoja akasema tuandike hayupo. Mwingine akasema hiyo si haki, amekuja. Walibishana karibu nusu saa, na mwishowe wakaamua kuandika saa ambayo kila mtu amefika. Msichana huyo hajui kwamba alifanya kazi ambayo watu wazima hulipwa kuifanya, na wengine huifanya vibaya.

Kwa wale mnaodhani bila digrii huna neno hapa, aina hiyo ya bool imepata jina kutoka kwa George Boole, Mwingereza aliyezaliwa 1815. Hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Alijisomea hisabati mwenyewe, akafungua shule akiwa kijana mdogo, na mnamo 1849 akawa profesa wa hisabati mjini Cork, Ireland. Hesabu zake za kweli na si kweli ndizo msingi wa kila kompyuta ya leo.

AINA MBAYA HUANGUSHA ROKETI

Watoto hupenda hadithi hii. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilipaa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, French Guiana. Kabla dakika moja kuisha, iligeuka vibaya na kulipuka angani. Kiini cha shida? Programu ilichukua desimali ya biti 64 ikajaribu kuiingiza mahali pa nambari kamili ya biti 16, ambapo kubwa zaidi inayoweza kuingia ni 32,767. Thamani ilikuwa kubwa kuliko hapo. Ni kama kumwaga debe la maziwa kwenye kikombe. Programu hiyo ilikuwa imetumika kwa Ariane 4 bila shida, kwa sababu roketi ile ya zamani haikuwahi kufikia thamani kubwa hivyo.

Mnamo Desemba 2014, YouTube nao walisema video ya Gangnam Style imetazamwa mara nyingi kuliko uwezo wa kihesabio chao, ambacho mwisho wake ulikuwa 2,147,483,647. Walikuwa wamekipanua. Waandikie watoto nambari hiyo ubaoni, uone nani anaweza kuisoma kwa sauti.

HUNA LAPTOPU? ANZA HIVYOHIVYO

Usingoje mashine. Kule New Zealand, Chuo Kikuu cha Canterbury kilianzisha mradi wa CS Unplugged, ambao hufunza watoto sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba na michezo, bila kompyuta hata moja. Kwetu vifaa viko tele.

Chukua risiti ya supamaketi na penseli nne za rangi. Nambari kamili azungushie nyekundu, desimali bluu, matini kijani, kweli au si kweli njano. Jina la duka? Kijani. Idadi ya mikate? Nyekundu. Bei ya 64.50? Bluu. Tarehe? Hapo mtabishana, na ubishi huo ndio somo. Njano atakosa kabisa kwenye risiti nyingi, kwa hivyo mwambie atunge swali lake mwenyewe: je, aliyenunua alilipa kwa pesa taslimu? Jumbe za M-Pesa pia zinafaa sana, lakini andika ya kubuni kwenye karatasi. Usimpe mtoto jumbe za kweli zenye majina na namba za watu.

Ukipata kompyuta, hata ya saibaa kwa saa moja, mtoto wa miaka 8 kwenda juu aanze na Scratch. Ilitoka 2007 katika maabara ya MIT, Marekani, ni ya bure, inaweza kusakinishwa ikafanya kazi bila intaneti, na unaweza kuibadilisha isome Kiswahili. Nachopenda ni maumbo yake. Vipande vya kweli au si kweli vina pembe sita, na tundu lenye pembe sita halikubali kipande cha duara. Mtoto anaiona aina kwa macho, anaigusa na kipanya. Wadogo wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr kwa tableti, ingawa hiyo haina vigeu. Ni ya kujifunza mpangilio tu. Python naiacha hadi mtoto aweze kuchapa bila kutafuta kila herufi, wengi wakiwa na miaka 10 au 11.

Na haya mambo ya kufunza watoto programu si mapya. Mnamo 1967, Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, pamoja na wenzake Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, walitengeneza lugha ya Logo, ambayo watoto waliitumia kuamuru kobe achore. Badala ya kumwambia kobe atembee hatua 50, mtoto aliweza kumpa jina la urefu, kisha akageuza urefu huo apendavyo. Python bado ina kobe huyo hadi leo, anaitwa turtle.

KABLA YA KULIPA

Mzazi akikuuliza kama alipie mtoto darasa la programu, mwambie aende akae nyuma dakika 20. Aangalie nani anachapa, mtoto au mwalimu. Aangalie kinachotokea programu ikikosea: mwalimu anairekebisha haraka ili darasa lisonge, au anamuuliza mtoto “hii ilikuwa ya aina gani?” Kisha amwombe mtoto abadilishe kitu kimoja, tuseme nauli kutoka 50 hadi 80, bila msaada. Akishindwa baada ya mwezi mzima, doo hiyo afadhali inunue viatu.

Kwako wewe kijana mwenye laptopu inayokaa Jumamosi nzima ikicheza filamu, mtaa wako una watoto. Huhitaji cheti, unahitaji subira na chaki. Anza na nauli, siku ya pili vikombe, siku ya tatu risiti. Wiki ya nne waachie watengeneze rejista yao wenyewe, na wakianza kubishana kuhusu aliyechelewa, usiwakatize.